Figo Hudhani ni Kiangazi

Mia na tisini kwa mia na kumi.
Daktari Ndeshi alizisoma namba kwa sauti ya chini
kama mtu anayesoma deni la jirani.
Baba akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo,
akauliza kama tumemaliza,
maana leo zamu ya maji ni yetu, huko Uru,
na mfongo haumsubiri mtu.

"Kaa kwanza, Mzee Kirenga."
Akageuza karatasi ya vipimo, akachora nyuma yake
moyo, mshipa, na mafigo mawili kama maharage.

Mshipa una nyama, alisema, unahisi.
Ukisukumwa mwaka baada ya mwaka
hujinenepesha ukuta ili usipasuke,
na ukuta ukinenepa kwa ndani njia hubana,
na njia ikibana, moyo husukuma zaidi.
Adui hayumo humo. Kila mmoja anajitetea,
na kwa kujitetea anammaliza mwenzake.

Tena kuna mafuta. Hujipenyeza penye mkwaruzo,
askari weupe wa damu huja kuyala,
huyala mpaka wakavimba, wakashindwa kutoka,
wakafia humo humo, wakawa tope.

Pale kwenye tope baba alicheka kidogo.
Miaka thelathini na miwili amezibua mfongo
kutoka banio hadi mgomba wa mwisho.
Anajua tope halianzi na tope,
huanza na jani moja lililokwama.

"Na figo?"

Figo liko mbali na banio, alisema daktari.
Damu ikilifikia kinyonge
haliulizi nani kaziba huko juu.
Hudhani ni kiangazi.
Hutuma neno mwili mzima: kazeni mishipa!
Chumvi isitoke! Maji yasitoke!
Na mwili hutii,
nao umeshajaa maji hadi vifundoni.

Baba akainama, akabonyeza kifundo cha mguu.
Alama ya kidole ikabaki
kama kwato ya mbuzi kwenye udongo mbichi.
Akaitazama muda mrefu.

Alipoanza kusema hakumwambia yeyote kati yetu.

"Mwaka ule migomba ilipokauka na mikungu yake,
kwangu palikuwa mwisho wa mfongo.
Usiku nikapanda na jembe, nikalivunja banio.
Kulipokucha maji yalikuwa mlangoni kwangu,
na kwa Anaeli kingo zilikuwa zimebomoka,
kahawa imekwenda, zizi limekwenda.
Wazee wakanitoza beberu na mitungi miwili ya mbege.
Walitaka niseme mimi ni mwizi.
Sikusema. Nilikuwa na kiu."

Daktari aliiweka kalamu.
Nje mtu wa foleni alikuwa anaita namba sitini na nne.

"Kidonge hiki," akasema hatimaye,
"hakilipigi figo. Kinalizuia neno lake lisifike."

"Basi ni kama mama yenu," baba akaniambia mimi.
"Usiku wa pili nilitaka kupanda tena.
Hakunigombeza.
Alilishika tu jembe."

Hakuwahi kunisimulia hayo, naye mama ana miaka tisa kaburini.

Kidonge cha kwanza kilimletea kikohozi kikavu,
wakambadilishia.
Magadi tumeyaondoa kwenye kiburu
na kila jioni analalamika kwamba anakula maji ya kuoshea sufuria.
Juzi mia na hamsini na mbili. Bado, alisema Ndeshi.
Bado, lakini.

Asubuhi namkuta mfongoni, anazoa majani ya mparachichi,
mkono mmoja ameuegemeza mgongoni, chini kidogo ya mbavu,
anang'unika kitu.
Nilidhani anasali. Nikasogea bila viatu.

"Maji yapo," anakiambia kilichomo humo.
"Yapo. Tulia."